Wema wa Bwana Osterholt

"Bibi huyu ni shahidi wetu."

Ndivyo alivyosema Dokta Rühl, wakili wa Gerwin Osterholt, na hapo ndipo nilipowaacha wiki jana mkining'inia. Najua mmenilaani. Haya, turudi barazani kabla baridi haijatumaliza.

Kwa yule aliyeshika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, habari ni fupi. Benki ya Blumenau na Osterholt hapa Frankfurt ilikuwa ya watu wawili. Mzee Benno Blumenau, Myahudi, ndiye aliyeianzisha. Osterholt aliingia kama karani wake, akapanda akawa mshirika wake, na Wanazi walipojikita vizuri kwenye viti, akawa mwenye benki peke yake. Vita vikaja. Wengine tulipoteza watoto na nyumba. Yeye alipata benki nyingine Vienna, nyingine Praha, na kiti cha kudumu kwenye karamu za wakubwa wa chama. Waliojenga kambi za mateso walikopa kwake.

Sasa ni Machi 1948. Wanazi wameanguka, Wamarekani wanautawala mji, na kila aliyekuwa na jina kubwa lazima apite mbele ya baraza la kuchuja watu. Osterholt akionekana ana hatia, benki inamtoka na yeye anakwenda kambi ya kazi. Akionekana safi, kesho anarudi kwenye kiti chake.

Thea Blumenau, binti wa marehemu Mzee Benno, amevuka bahari kutoka Montevideo ili asimame mbele ya baraza hilo. Kabla hajafungua mdomo, wakili wa adui yake anamwita shahidi wake.

"Shahidi wenu kivipi?" aliuliza Konrad Dietz, mwendesha mashtaka. Zamani Dietz alikuwa mpiga chapa. Wanazi walimfunga kwa ajili ya vikaratasi alivyochapa, na alipotoka meno ya mbele hayakuwepo. "Huyu nimemwita mimi."

"Umemwita wewe, atatusaidia sisi." Dokta Rühl alitabasamu. "Bwana Mwenyekiti, nina maswali machache tu. Nitaomba majibu ya ndiyo au hapana. Watu wana njaa humu ndani."

Watu wakacheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Darasa lile la shule lilikuwa limejaa mpaka ukutani, kila mtu na koti lake, madirisha yamezibwa kwa maboksi.

"Bibi Blumenau. Mwaka 1939 ulitoka Ujerumani pamoja na baba yako. Vibali vyenu vya kusafiri, ni Bwana Osterholt aliyevishughulikia?"

"Alivishughulikia baada ya—"

"Ndiyo au hapana, Bibi."

Thea alimtazama mwenyekiti wa baraza. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu, mtu mpole, mwenye mafua.

"Jibu tu, mama," alisema mwenyekiti. "Maelezo yatakuja."

"Ndiyo."

"Siku ya kuondoka, nani aliwapeleka steshini?"

"Yeye. Kwa gari lake."

"Mwaka mmoja kabla, kaka yako Ludwig alikamatwa akapelekwa kambini. Aliachiwa baada ya wiki chache. Nani alimtoa?"

"Alimtoa kwa sababu baba yangu alitia saini kumwachia benki. Siku hiyo hiyo. Kalamu ilikuwa ya Osterholt mwenyewe, na alisimama nyuma ya kiti cha baba mpaka—"

"Nimeuliza nani alimtoa."

Kwenye benchi la mbele Gerwin Osterholt alikuwa ameinamisha kichwa chake cheupe, mikono imekunjwa magotini, mithili ya mtu aliye kanisani.

"Yeye," alisema Thea.

"Asante sana." Dokta Rühl aliwageukia wazee wa baraza. "Waheshimiwa, tumeletewa watu wengi kueleza wema wa mteja wangu. Padri amesema. Mwenye duka la mikate amesema. Leo Myahudi mwenyewe, aliyetoka salama kwa mkono wake, amesema. Sijui mnataka nini zaidi."

Makarani wakaandika. Thea alisimama pale akijihisi mtu aliyekuja kuzima moto na ndoo ya mafuta ya taa. Kila neno alilosema lilikuwa kweli. Na kila neno lilikuwa limemwosha Osterholt.

Dietz aliinuka haraka. "Bibi Blumenau, benki aliinunua kwa kiasi gani?"

"Kwa kiasi cha kulipia meli. Zaidi ya hapo hatukupata kitu."

"Pingamizi," alisema Rühl. "Mauzo yalikuwa halali. Yalithibitishwa na ofisi ya serikali."

"Serikali ipi?" aliuliza Dietz. "Ile iliyoning'oa meno?"

"Bwana Dietz," alisema mwenyekiti, akipenga kamasi. "Tafadhali."

Ndipo Osterholt alipoomba kusema. Alisema taratibu, bila kumtazama mtu.

"Wazee wangu, mimi nisingeinunua, angeinunua jambazi. Mnawajua waliokuwa wakizunguka siku zile. Niliichukua ili nimtunzie Benno. Kila siku nilijua nashika mali ya rafiki. Nilijiunga na chama ndiyo, nilikula na wale watu ndiyo. Mngetaka nisile nao, nani angemtoa Ludwig?"

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mama mmoja alifuta machozi. Na hili ndilo lililokuwa likimkera Dietz: katika darasa lile hapakuwa na mtu ambaye hakulipenda jibu hilo. Kila mmoja wetu alikuwa na mtu wake aliyekula na Wanazi. Osterholt akisafishwa, sisi sote tunapata unafuu kidogo.

"Na vitabu vya mikopo ya kambi?" aliuliza Dietz. "Viko wapi?"

"Benki iliungua katika mabomu ya mwaka arubaini na nne," alisema Osterholt kwa huzuni. "Bahati mbaya kwangu. Vingenisaidia."

Mwenyekiti akatangaza mapumziko.

*

Dietz alimvuta Thea pembeni kwenye korido, karibu na vigingi vya kutundikia makoti ya watoto wa shule.

"Umenimaliza, dada."

"Ningesema uongo?"

"Hapana. Ndiyo maana umenimaliza vizuri." Alitoa sigara nusu, akaitazama, akairudisha mfukoni. "Unajua, nina mwaka mzima kwenye kazi hii. Nimehoji wenye viwanda, wakuu wa posta, maprofesa. Katika mji wote huu sijapata Mnazi hata mmoja. Wote walikuwa wakisaidia watu. Nimeanza kufikiri nilijifunga mwenyewe."

Thea hakucheka. "Mimi sikuja kwa ajili ya benki, Bwana Dietz. Benki aitafune. Nataka kujua alichomfanyia kaka yangu."

Hili ndilo jiwe lililokuwa kifuani mwake miaka yote. Siku ile ya steshini walitakiwa kuondoka watatu. Osterholt alisema cheti cha Ludwig kimecheleweshwa, na kwamba kuna karatasi za fedha za Uswisi ambazo Ludwig peke yake ndiye mwenye saini. Wiki mbili tu, alisema, kisha atawafuata. Vita vikaanza. Ludwig hakuwafuata. Mzee Benno alifia Montevideo akiwa bado anakwenda bandarini kila meli ya Ulaya inapofika.

"Basi sema hayo," alisema Dietz. "Mchana nitakuita tena."

Alipoondoka, harufu ilimfikia Thea kabla ya mtu. Kahawa. Kahawa ya kweli, siyo ile ya shayiri tuliyokuwa tukijidanganya nayo. Osterholt alikuwa amesimama na chupa ya chai na kikombe.

"Kunywa, Thea. Unatetemeka."

Aliinywa. Ndiyo, aliinywa. Aliyeishi Frankfurt majira yale hatamlaumu.

"Umefanana na mama yako," alisema Osterholt. "Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiniita Mjomba."

"Ludwig yuko wapi?"

"Umekonda sana. Mnakula huko Amerika?"

"Ludwig yuko wapi, Mjomba?"

Osterholt alifunika chupa taratibu. "Nikisafishwa, nitakuwa mtu tena. Nitakuwa na marafiki, nitakuwa na ofisi, Wamarekani watanisikiliza. Nitaweza kukusaidia kumtafuta. Nikifungwa, nani atakusaidia? Yule mpiga chapa?"

"Nimekuuliza unajua nini."

"Najua nilipomwona mara ya mwisho. Na najua alichosema kuhusu wewe."

"Alisema nini?"

"Baada ya hukumu, binti yangu. Wewe ulishasema vizuri asubuhi. Usiharibu. Ukiitwa mchana, sema huna la kuongeza. Jioni hii hii tutakaa mimi na wewe na shangazi yako Hermine, nitakueleza yote."

Hermine alikuwa mke wake. Alikuwa amesimama mwisho wa korido na koti la manyoya lililochakaa, mwembamba, akiwatazama bila kupepesa. Tangu asubuhi hakuwa amesema neno na mtu. Thea alimsalimu kwa kichwa. Hermine aligeuza uso.

"Fikiri," alisema Osterholt, akachukua kikombe chake, akaenda zake.

*

Wasomaji, mngefanya nini? Msinijibu upesi. Mtu aliyeua furaha ya nyumba yenu ameshika jambo moja mnalolitaka kuliko chakula, na bei yake ni kunyamaza tu. Si kusema uongo. Kunyamaza.

Mchana Dietz alimwita. Thea alitembea mpaka mbele. Osterholt alimpa tabasamu dogo la kumtia moyo.

"Bibi Blumenau, una la kuongeza?"

Thea alimtazama Osterholt, kisha baraza. Mwenyekiti alikohoa.

"Ninalo," alisema. "Kaka yangu hakupanda treni siku ile kwa sababu mtu huyu alimzuia. Alitaka saini yake kwa fedha za Uswisi. Alimtoa kambini kama mtu anavyotoa ng'ombe zizini, ili amkamue. Na sasa hivi, hapo nje, ameniambia anajua Ludwig alipoishia. Amesema nikinyamaza ataniambia."

Darasa lilivuma. Dietz alifumba macho kwa nafuu.

"Bwana Osterholt," alisema mwenyekiti, "ni kweli?"

Osterholt aliinuka polepole. Machoni alikuwa na machozi, na mimi niliyeyaona nitawaambia yalikuwa machozi ya maji kabisa.

"Nilimpa kahawa," alisema. "Nilimwambia nitamsaidia kutafuta habari za kaka yake. Kumbe masikini alinielewa hivyo. Simlaumu. Amepoteza watu wote."

Nafuu ikamtoka Dietz usoni. Ungeweza kuiona huruma ikihama darasani kama maji kwenye sinia, kutoka upande wa Thea kwenda upande wa mzee yule. Yatima amechanganyikiwa. Mzee wa watu anasamehe.

"Ulimwona Ludwig Blumenau mara ya mwisho lini?" Dietz aliuliza kwa sauti kavu.

"Oktoba 1941. Asubuhi ile walipokusanya Wayahudi wa mji huu. Alikuja kuniaga. Nilimwambia kaa, nitazungumza na watu. Akasema hapana, nakwenda na wenzangu. Nilimkumbatia hapo langoni kwangu. Dereva wangu alikuwepo."

Dereva aliitwa. Alois Wendlin, mtu mnene wa makamo, aliyeishi na mkewe juu ya gereji ya Osterholt. Aliapa, kisha akasimama akizungusha kofia yake mikononi.

"Uliona Bwana Osterholt akiagana na kijana Blumenau?" aliuliza Dietz.

"Niliona."

"Oktoba ile?"

"Oktoba, ndiyo."

"Ulimwona akienda kwa miguu yake?"

Wendlin alitazama kofia. "Kama bosi alivyosema."

"Nimekuuliza wewe umeona nini, siyo bosi amesema nini."

"Pingamizi," alisema Rühl. "Shahidi amejibu."

"Amejibu," alisema mwenyekiti.

"Hajajibu," alisema Dietz, akapiga meza. "Mtu huyu analala juu ya gereji ya mshitakiwa. Anakula viazi vya mshitakiwa. Mwenyekiti, nakuomba, niruhusu nimbane kidogo tu."

"Bwana Dietz, tunaye mshitakiwa mwingine saa tisa." Mwenyekiti alimgeukia Thea, na sauti yake ilikuwa ya upole uliomuuma kuliko tusi. "Mama, uchungu wako tunauelewa. Lakini baraza haliwezi kuandika uchungu. Una ushahidi?"

"Ushahidi umekaa pale, umevaa suti."

"Basi tumemaliza."

Wazee wa baraza walitoka, wakarudi upesi mno. Walikuwa wamekwisha kuamua kabla ya kuinuka. Mwenyekiti alisoma kwa haraka. Gerwin Osterholt hakuwa mkosaji mkuu. Hakuwa mkosaji. Hakuwa hata mkosaji mdogo. Alikuwa mfuasi tu, mtu aliyekwenda na wenzake. Atozwe faini ndogo, arudishiwe haki zake zote.

Watu walipiga makofi. Mwenye duka la mikate alimbusu Osterholt shavuni. Dokta Rühl alikusanya vyeti vyake vya wema, barua za watu waliomshuhudia mteja wake, vile ambavyo mitaani tulikuwa tukiviita vyeti vya sabuni, akavifunga kwa kamba vizuri, maana vingemfaa mteja mwingine.

*

Dietz alikaa kwenye ngazi za nje, akawasha ile nusu ya sigara.

"Nitakata rufaa," alisema.

"Kwa ushahidi upi?" aliuliza Thea.

"Hilo ndilo swali." Alivuta moshi. "Nitakata tu. Angalau asilale vizuri."

"Atalala."

"Ndiyo. Atalala."

Osterholt alitokeza mlangoni, amezungukwa na watu wanaompa mikono. Gari lilikuwa likimngoja chini, Wendlin amesimama kando yake. Wamarekani walikuwa wamemrudishia gari hilo kabla hata ya kesi, kwa kuwa walihitaji wanaojua kazi ya benki.

Thea alipanda ngazi akamkabili.

"Hukumu imetoka. Umeshinda. Sasa niambie."

"Nimeshasema barazani, Thea. Oktoba 1941."

"Ulisema utaniambia alichosema kuhusu mimi."

Osterholt alingoja mpaka watu walipopita. Kisha akainama kidogo, sauti yake bado ya mjomba.

"Nilikupa nafasi. Ukanitukana mbele ya mji mzima. Sasa unataka zawadi? Rudi Montevideo. Huku hakuna wako."

Akashuka. Ndivyo Thea alivyopoteza vyote viwili. Alisema, na hakusikika. Na kwa kuwa alisema, hataambiwa. Thea hakulia. Alishika nguzo ya ngazi kwa nguvu mpaka vidole vikabadilika rangi, na alichokuwa akikisikia ni hasira kubwa isiyo na mahali pa kwenda. Angempiga ngumi, wangesema ni mwendawazimu. Angepiga kelele, wangemhurumia.

"Ludwig hakuondoka na wale wa Oktoba."

Thea aligeuka. Hermine Osterholt alikuwa amesimama nyuma yake, karibu kiasi kwamba harufu ya dawa ya nondo kwenye koti lake ilisikika.

"Shangazi?"

"Asubuhi ile Gerwin alimtia kwenye chumba cha makaa, chini ya nyumba yetu. Alikaa humo mpaka majira ya kuchipua ya mwaka arubaini na tatu." Alisema upesi, bila kupumzika, mfano wa mtu anayetema kitu. "Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea chakula. Alikuwa akisoma kwa mwanga wa tundu la makaa. Alijifunza Kihispania kwa ajili yenu. Alinisomesha maneno machache."

Dietz alikuwa amesimama. Sigara imemwangukia.

"Mama Osterholt," alisema polepole, "unaniambia mume wako alimficha Myahudi nyumbani kwake mwaka na zaidi?"

"Ndiyo."

"Wakati wa vita? Kwa jambo hilo wangemkata kichwa."

"Ndiyo."

"Basi mbona hakulisema leo? Ameleta padri. Ameleta mama wa mikate. Jambo moja hilo lingemwosha kuliko vyeti vyote vile, na hakulitaja."

Hermine alimtazama kama mtu anayemtazama mtoto. "Angelitaja, mngemuuliza yuko wapi sasa."

Thea alimshika Hermine mkono.

"Kila baada ya miezi michache Gerwin alimpandisha Ludwig ghorofani atie saini karatasi za Uswisi," Hermine aliendelea. "Watu wa kule hawakukubali saini nyingine. Machi ile alitia ya mwisho. Kesho yake Gerwin aliniambia nenda kamsalimie dada yako kule Bad Homburg, umechoka. Niliporudi chumba kilikuwa kimefagiliwa."

"Hukuuliza?" aliuliza Thea.

"Sikuuliza. Nilijua, sikuuliza. Leo nilikaa pale nikamsikia akilia juu yake. Miaka mitano sijawahi kumwona akilia juu yake. Alikuwa akilia kwa ajili ya baraza."

Kutoka chini, Osterholt aliita. "Hermine. Ingia garini, kuna baridi."

Hakusogea.

"Hermine."

"Siji, Gerwin."

Hakupaza sauti, lakini watu waliokuwa wakitawanyika walisimama. Mama wa mikate alisimama. Dokta Rühl, mguu mmoja kwenye ngazi, alisimama. Osterholt alipanda ngazi mbili akimnyooshea mkewe mkono, bado anatabasamu kwa ajili ya watazamaji.

"Mke wangu hajala tangu asubuhi," aliwaambia watu. "Twende, mpenzi. Unajiaibisha."

"Nimewaambia kuhusu chumba cha makaa."

Tabasamu halikumtoka mara moja. Lilibaki usoni peke yake, macho yakiwa yameshaondoka. Akamtazama Dietz, akamtazama wakili wake, akarudi kuwa Osterholt.

"Bwana Dietz, naona mke wangu anaumwa. Hata kama angesema kweli, nini kosa langu? Nilimficha kijana. Alitoka mwenyewe. Watu wa aina ile walikuwa wakichoka kujificha, wakatoka. Nani amesema vingine? Hermine hakuwepo. Alikuwa Bad Homburg."

Na ilikuwa kweli. Hakuwepo. Kwa mara nyingine mlango ulikuwa umefunguka kidogo na mzee yule ameusukuma kwa kidole kimoja tu.

"Mimi nilikuwepo."

Sauti ilitoka kwenye gari. Alois Wendlin alikuwa amevua kofia. Uso wake mnene ulikuwa umelowa jasho katika baridi ile.

"Nyamaza, Wendlin," alisema Osterholt.

"Nimeapa uongo leo, bosi. Nimeapa kwa mkono huu, na mke wangu alikuwa amekaa pale nyuma akinitazama." Alimeza mate. "Mama Osterholt amesema alichokijua. Lakini hajui yote, na wewe hujui."

"Wendlin, fikiria unapolala."

"Nimefikiria miaka mitano." Aligeukia ngazi, akamtafuta Thea kwa macho. "Siku Mama alipokwenda Bad Homburg, bosi aliwapigia simu polisi wa siri, Gestapo. Akaniambia nimfikishe kwao kwa mlango wa nyuma, nisiulize. Kijana alikaa kiti cha nyuma na blanketi kichwani. Akadhani tunakwenda mpakani. Akanishukuru."

Thea alishuka ngazi moja. Kisha nyingine.

"Nilirudi jioni nikamwambia bosi nimemfikisha," alisema Wendlin. "Aliridhika. Wale nao walipongoja wasimwone, hawakutaka kumuuliza mtu mwenye marafiki wakubwa, wakaacha. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyemaliza kazi."

Mkono wa Osterholt ulikuwa bado umenyooshwa kwa mkewe, na hakukumbuka kuushusha.

"Hukumfikisha?" aliuliza Thea. Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine.

Wendlin alifungua mlango wa nyuma wa gari, ule aliokuwa akimfungulia bosi wake kila siku, akaushikilia wazi.

"Ingia, Bibi," alisema. "Petroli inatosha kufika aliko."